Mwanafunzi wa Uhandisi na Kompyuta: Somo Linaloanza Kabla ya Mashine

Barabara itokayo Bunda kwenda magharibi hupita Bulamba na Kibara, kisha hukoma Kisorya, ambako wasafiri waendao Ukerewe hungojea kivuko. Kibara yenyewe imo kando ya Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Wenyeji wake hulima pamba na mihogo, huvua dagaa na sangara, na ni nadra kumpata mtoto wa huko asiyejua kwamba ndani ya mtumbwi watu hukaa, hawasimami.

Katika shule moja ya sekondari ya sehemu hizo niliwahi kualikwa kuzungumza na wanafunzi wa sayansi juu ya masomo ya uhandisi. Mazungumzo yalipokwisha, binti mmoja wa Kidato cha Nne aliinuka, akaniamkia, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nataka kusomea uhandisi. Lakini hapa kwetu kompyuta hatuna, na wenzetu wa mjini wamezizoea tangu nyumbani. Nikifika huko chuo kikuu, si nitakuta nimekwisha achwa nyuma?"

Nilimjibu kwamba asiwe na hofu. Jibu hilo lilikuwa la kumliwaza tu, na usiku ule lilinisumbua, kwa maana swali lake lilistahili jibu la kweli. Makala haya ni jaribio la kulitoa jibu hilo, kwa ajili yake na kwa ajili ya walimu wanaowafundisha wanafunzi walio katika hali kama yake.

Hapana budi kukiri kwanza kwamba hofu yake ina msingi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi hukutana na kompyuta mapema: atatakiwa kuandika ripoti, kuchora michoro ya mashine na majengo, kupanga vipimo vya maabara katika majedwali, na kuandika programu fupi za kukokotoa. Yule aliyezoea kibodi huanza kwa kasi, na mwenzake hutafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa mtama. Lakini katika miaka ambayo nimefundisha nimeona kwamba tofauti hiyo ya vidole aghalabu hutoweka baada ya majuma machache. Iko tofauti nyingine ambayo haitoweki upesi, nayo haitegemei kama mtu alitoka mjini au shamba.

Nitoe mfano. Kijana mmoja aliletewa hesabu ya boriti ya chuma yenye urefu wa mita 6, akatakiwa kutafuta itapinda kiasi gani ikibebeshwa mzigo. Alikuwa hodari wa kompyuta, maana alisoma katika shule yenye chumba kizima cha mashine hizo. Baada ya dakika chache akaleta jibu: boriti itapinda mita 42. Nilimwuliza kama aliwahi kuona boriti ya mita 6 ikining'inia mita 42. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Lakini ndivyo kompyuta ilivyosema."

Wako waliopenda kuiita kompyuta ubongo wa umeme. Jina hilo limeleta hasara. Kompyuta hupokea namba na amri, huzihifadhi katika kumbukumbu zake, hukokotoa kwa kasi isiyo kifani, kisha hutoa matokeo. Haijui boriti ni nini. Haijui kama namba 42 ni mita, milimita au idadi ya mbuzi. Maarifa hayo yote hubaki kwa binadamu aliyeketi mbele yake.

Rula, majedwali na marufuku ya 1974

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata, 1974, Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje, baada ya gharama na matatizo yaliyotokana na mashine za mwanzo. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980. Hivyo wahandisi wetu wengi wa mwanzo, ambao baadaye walisimamia barabara, mabomba ya maji na njia za umeme za nchi hii, walijifunza kazi yao katika enzi ya majedwali ya logi na ile rula ya kukokotolea yenye ulimi unaoteleza katikati.

Sisemi hili ili kusifu uhaba. Uhaba ni uhaba, na nchi ilichelewa. Lakini ile rula ilikuwa na tabia moja ambayo yafaa vijana waijue. Ilitoa tarakimu tu. Haikutoa nukta ya desimali. Ukizidisha 2 kwa 3.1, rula itakuonyesha 6-2, na ni juu yako kujua kama hiyo ni 0.62, 6.2 au 62. Kwa hiyo kila aliyeitumia alilazimika, kabla ya kuteleza ulimi, kukadiria jibu kichwani. Mashine ilimdai akili yake kila mara. Kompyuta hailidai jambo hilo kamwe. Hutoa nukta na tarakimu kumi na tano nyuma yake, nazo humpumbaza mtu akadhani wingi wa tarakimu ndio ukweli. Desturi ya kukadiria kwanza ilikwenda pamoja na rula, nasi walimu hatukuweka kitu mahali pake.

Chombo chenye sakafu bapa

Sasa tuchukue tatizo moja la kweli tulifuate tangu mwanzo hadi mwisho, ili ionekane kazi ya mhandisi iko wapi na kazi ya kompyuta iko wapi. Nalichagua kutoka ziwani, kwa sababu mtu wa Kibara hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichofanya safari kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara. Kilikuwa kimepakia kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 220 walikufa.

Chombo nitakachokieleza ni cha kubuni, wala si mojawapo ya hivyo. Tuseme kina umbo la sanduku, urefu wake mita 12 na upana wake mita 3. Tungamo lake kikiwa kitupu (lile ambalo sokoni huitwa uzito) ni tani 18, na kitovu chake cha uzito kiko mita 1 juu ya mkuku. Sitaha iko mita 1.6 juu ya mkuku. Abiria husimama juu ya sitaha, kila mmoja tukimkadiria kilo 60, na kitovu cha uzito wa mtu aliyesimama tukikikadiria mita 1 juu ya nyayo zake, yaani mita 2.6 juu ya mkuku. Swali ni hili: chombo hiki kibebe abiria wangapi bila hatari ya kupinduka?

Kanuni ya Archimedes, ambayo kila mwanafunzi wa Fizikia anaijua, inasema kwamba chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina takriban tani 1. Eneo la sakafu ya chombo chetu ni 12 × 3, yaani mita 36 za eneo. Basi kikiwa kitupu kitazama 18 ÷ 36, yaani nusu mita.

Kuelea ni jambo moja, na kusimama wima ni jambo jingine. Uzito wa chombo huvuta chini kupitia kitovu chake cha uzito. Maji nayo husukuma juu kupitia katikati ya sehemu iliyozama. Tukiite kitovu cha eleo. Chombo kikilala kidogo upande mmoja, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na kitovu cha eleo huhamia upande ule ule uliolala. Msukumo wa maji sasa hupita katika mstari mpya, na mahali ambapo mstari huo hukutana na mstari wa katikati wa chombo ndipo panapoitwa metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya metasenta, maji hukisukuma chombo kirudi wima. Kikiwa juu yake, maji yale yale huzidisha kulala, na chombo hupinduka. Umbali kati ya nukta hizo mbili huitwa kimo cha metasenta. Ukiwa chanya, kuna usalama wa kiasi. Ukiwa hasi, hakuna.

Kwa chombo chenye umbo la sanduku, umbali kutoka kitovu cha eleo hadi metasenta hupatikana kwa kugawanya upana uliozidishwa kwa upana kwa zao la 12 na kina cha kuzama. Kwetu upana ni mita 3, hivyo ni 9 ÷ (12 × kina). Msomaji atazame kanuni hiyo kwa makini kabla ya kuendelea: kina kikiongezeka, umbali huo hupungua. Abiria, kwa hiyo, hufanya madhara mara mbili kwa wakati mmoja. Hupandisha juu kitovu cha uzito, kwa sababu wao wako juu sitahani. Tena hushusha metasenta, kwa sababu hukizamisha chombo.

Kabla ya kugusa mashine yoyote, mwanafunzi na akokotoe kwa mkono hali mbili. Chombo kitupu: kitovu cha eleo kiko mita 0.25 juu ya mkuku. Metasenta iko mita 9 ÷ 6, yaani 1.5, juu ya hapo, jumla 1.75. Tukitoa kitovu cha uzito, ambacho ni 1.0, tunabaki na 0.75. Abiria 60: tungamo lao tani 3.6, jumla tani 21.6, kina mita 0.60. Kitovu cha eleo 0.30, metasenta 1.25 juu yake, jumla 1.55. Kitovu cha uzito ni (18 × 1.0 + 3.6 × 2.6) ÷ 21.6, yaani 1.27. Tofauti ni 0.28. Majibu haya mawili yawekwe kando. Yatatufaa kama mawe mawili ya mpaka.

Kuiandikia mashine

Hatua zinazofuata ndizo programu yenyewe, ila zimeandikwa kwa Kiswahili. Kuzigeuza katika lugha ya kompyuta, iwe Fortran waliyoitumia wahandisi tangu mwaka 1957 au Python inayofundishwa sana siku hizi, ni kazi ya nusu saa kwa mwanafunzi mgeni.

1. Anza na N, idadi ya abiria, ikiwa 0.
2. A ni N × 0.06 (tani za abiria).
3. T ni 18 + A (tani zote).
4. D ni T ÷ 36 (kina cha kuzama).
5. E ni D ÷ 2 (kitovu cha eleo).
6. R ni 9 ÷ (12 × D).
7. G ni (18 × 1.0 + A × 2.6) ÷ T (kitovu cha uzito).
8. M ni E + R − G (kimo cha metasenta).
9. Andika N, D na M.
10. Ongeza 30 katika N. Kama N haijazidi 120, rudi hatua ya 2. La sivyo, simama.

Katika hatua hizi kumi mna karibu kila kitu ambacho somo la kwanza la kompyuta hufundisha: vijisanduku vya kutunzia namba, ambavyo hapa vina majina ya herufi, amri zinazofuatana, kurudia, na kuamua kwa sharti. Matokeo ni haya:

Abiria 0: kina mita 0.50, kimo cha metasenta mita 0.75
Abiria 30: kina mita 0.55, kimo cha metasenta mita 0.49
Abiria 60: kina mita 0.60, kimo cha metasenta mita 0.28
Abiria 90: kina mita 0.65, kimo cha metasenta mita 0.11
Abiria 120: kina mita 0.70, kimo cha metasenta mita −0.04

Mstari wa kwanza na wa tatu unakubaliana na hesabu zetu za mkono, kwa hiyo tuna sababu ya kuiamini programu. Tazama basi mstari wa mwisho. Kwa abiria 120 chombo kimezama mita 0.70 tu, na sitaha bado iko mita 0.90 juu ya maji, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Aliyesimama gatini akikitazama atasema bado kina nafasi. Hesabu inasema kitapinduka. Jicho peke yake halitoshi, na ndiyo sababu tunahitaji wahandisi, na wahandisi wanahitaji mashine ya kuwakokotolea hali mamia kwa haraka: abiria wakiwa wachache au wengi, mizigo ikiwa juu au chini, chombo kikiwa chembamba au kipana.

Makosa ambayo mashine haiyaoni

Mwanafunzi akisahau kugeuza kilo kuwa tani, ataandika katika hatua ya 2 N × 60. Kwa abiria 60 mashine itapata tani 3,600, na kina cha kuzama kitakuwa mita 100.5. Kina kikubwa kabisa cha Ziwa Victoria ni kama mita 80. Kompyuta italichapa jibu hilo bila haya, na kuendelea na kazi yake. Kosa la vipimo kama hili si la wanafunzi peke yao: mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani kilichopelekwa sayari ya Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya paundi, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za nyutoni.

Kosa la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa halichekeshi. Mwanafunzi akiacha mabano katika hatua ya 6, akaandika 9 ÷ 12 × D, mashine itagawanya 9 kwa 12 kwanza, kisha itazidisha kwa D. Kwa chombo kitupu itapata R kuwa 0.375 badala ya 1.5, na kimo cha metasenta kitakuwa −0.375. Namba hiyo haina dalili yoyote ya ajabu. Ni ndogo, ni ya mita, inaonekana ya heshima. Lakini inasema kwamba chombo kitupu, kilichofungwa gatini bila mtu, kitapinduka chenyewe. Nasi tunajua kwa macho kwamba vyombo vitupu vya namna hii havipinduki. Lile jiwe letu la kwanza la mpaka, 0.75, ndilo linalotuokoa hapa.

Liko na jambo la tatu, la ndani zaidi, ambalo walimu wa Hisabati watalipenda. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali, ndivyo moja ya kumi isivyoweza kuandikwa kikamilifu katika mfumo huo wa tarakimu mbili. Ukiiamuru Python ijumlishe 0.1 mara 10, moja baada ya nyingine, haitakupa 1, itakupa 0.9999999999999999. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika programu inayoongeza tani 0.06 na kuiamuru isimame tani zitakapokuwa sawasawa na kiwango fulani, huenda isisimame kamwe. Ndiyo maana hatua zetu zinahesabu watu, ambao ni namba kamili.

Wahandisi wazoefu nao wameangushwa na imani yao katika mashine. Mwaka 1991 nchini Norway ulikuwa ukijengwa msingi mkubwa wa zege wa jukwaa la kuchimbia gesi baharini, uitwao Sleipner A. Tarehe 23 Agosti, ukiwa unashushwa majini kwa majaribio karibu na mji wa Stavanger, ukuta mmoja ulipasuka na msingi wote ukazama. Uchunguzi ulionyesha kwamba programu ya kukokotoa haikuwa na kosa katika hesabu zake. Waliotayarisha kazi waliugawanya ukuta katika vipande vya kukokotolea vilivyokuwa vikubwa mno na vibaya kwa umbo, hata nguvu ya kukata ukuta ikaonekana pungufu kwa asilimia 47. Baadaye hesabu ilifanywa upya kwa uangalifu. Ikasema kwamba ukuta ungepasuka kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka kwenye mita 65. Maarifa ya kutosha yalikuwako. Hayakuulizwa kwa wakati.

Siku hizi ziko programu ambazo mtu huziomba kwa maneno ya kawaida zimwandikie programu nyingine, nazo huandika kwa sekunde chache. Wanafunzi wangu wanazitumia, wala siwakatazi. Lakini mabano yakikosekana katika zilichoandika, atakayeona ni yule tu aliyekokotoa chombo kitupu kwa mkono.

Vifaa vingine vya mwanafunzi mgeni nitavitaja kwa haraka. Lahajedwali, yaani ile karatasi ya kompyuta yenye safu na mistari, ndiyo ianze kabla ya lugha yoyote ya programu, kwa sababu kila hatua ya hesabu huonekana katika safu yake. Hizi hatua zetu zaweza kuwekwa humo moja kwa moja. Wengi watapata lahajedwali hata katika simu ya mkononi ya mzazi au mwalimu. Mwanafunzi azoee kuandika kipimo kando ya kila namba, kuchora grafu ya matokeo, na kuhifadhi kazi yake mahali pawili. Wapo wanaodhani kwamba Kiingereza ndicho kizuizi kikubwa. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenzao kutoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi, lahajedwali ikiwamo, kwa Kiswahili. Lugha yetu ilimudu.

Kompyuta ya watu tisa

Kesho yake nilirudi katika darasa lile nikiwa na kadi tisa za manila. Kila kadi iliandikwa hatua moja, kuanzia ya 1 hadi ya 9. Wanafunzi tisa walisimama kwa mstari, kila mmoja na kadi yake, kalamu, na kipande cha karatasi cha kuandikia namba yake. Sharti lilikuwa moja: mwenye kadi afanye kilichoandikwa tu, asiongeze akili yake hata chembe. Mwanafunzi wa kumi alipewa kazi ya kurudisha mstari mwanzo, na wa kumi na moja alikuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kuandika makisio ubaoni kabla mstari haujaanza.

Mbinu hii haihitaji umeme, na mwalimu yeyote wa Fizikia au Hisabati anaweza kuitumia kwa kipindi kimoja. Kadi ya 6 niliiandika kwa makusudi bila mabano. Mwenye kadi hiyo aliona kosa mara moja, akataka kulirekebisha. Wenzake wakamzuia kwa kelele, wakimkumbusha kwamba yeye sasa ni mashine. Akakokotoa kosa lile kwa utii, matokeo yakapita mkononi hadi mwisho wa mstari, na chombo kitupu kikapinduka gatini. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza. Mle darasani hapakuwa na haja ya kueleza MV Nyerere ilikuwa nini.

Tulipoweka mabano, majibu yalitoka kama yalivyo katika jedwali la juu. Kijana mmoja akauliza ingekuwaje abiria 120 wangekaa kwenye mabenchi badala ya kusimama. Tulibadilisha namba moja tu katika kadi ya 7, tukaweka 2.2 mahali pa 2.6, na mstari ukaanza upya: kimo cha metasenta kikawa 0.08, chanya. Wazee wanaowakemea watoto wasisimame ndani ya mtumbwi walikuwa wamekwisha ijua hesabu hiyo.

Ndipo yule binti wa jana alipoinua mkono. "Mwalimu, watu wakiona gati hukimbilia upande mmoja ili washuke kwanza. Kadi ya jambo hilo iko wapi?"

Haikuwako. Nilimwandikia kanuni ubaoni: zidisha tani za abiria kwa mita walizosogea, gawanya kwa zao la tungamo lote na kimo cha metasenta, nawe utapata tanjenti ya pembe ya kulala. Nikamwonya kwamba kanuni hiyo ni ya pembe ndogo tu, na pembe ikikua huwa ni tahadhari kuliko kipimo. Alichukua kipande cha manila, akaiandika mwenyewe kwa Kiswahili, akakumbuka mabano, akasimama mwisho wa mstari. Mkaguzi akaandika makisio yake: abiria 30 wakisogea mita 1, chombo kitalala nyuzi 5.

Mstari ukafanya kazi. Abiria 30, nyuzi 10. Abiria 60, nyuzi 30. Mkaguzi akatazama namba zake, akatazama za mstari, akasema hazipatani, na kwamba ama yeye amekosea ama kuna kadi iliyokosea. Kengele ya chakula ilikuwa imekwisha kulia. Wakarudia yote kutoka kadi ya 1.